Mfuko wa Shemeji Ulivyosingiziwa Ndama

Vijana wangu wa kitalu, kabla hamjasoma zaidi, toeni vidole humo. Najua mmeviingiza. Kila anayeajiriwa pale kwetu, awe na cheti, awe na shahada, awe ameletwa na mjomba wake, siku ya kwanza huzungushwa akaonyeshwa miche, pampu na choo. Akifika kwenye beseni la mfuko wa shemeji, husubiri mwenyeji wake ageuke, akaingiza kidole. Siku hizi mkono wa pili unakuwa umeshika simu. Anangoja. Hakuna kinachotokea. Anautazama ule mmea kwa uso wa mtu aliyelipa kiingilio cha mpira na timu zote mbili hazikuja.

Nimefanya kazi na mmea huo tangu nina nywele kichwani hadi nilipostaafu. Sasa nakaa Kalenga, nalima vinyungu vyangu, bustani za bondeni, mboga zangu zinanitosha na maneno ya watu sina haja nayo. Mmeniomba niwaandikie ya kazi. Nitaandika ninavyoongea, yaani nitapotea njia, mnisubiri.

Kwanza, kifuniko hakifungi. Mkiwaeleza wageni jambo moja tu katika maisha yenu, liwe hilo. Jani la mfuko wa shemeji likiwa changa hujikunja, kingo zake zikashikana, likawa mfuko mrefu kama kibuyu cha maziwa, na juu kuna kifuniko kilichosimama. Kazi ya kifuniko ni kuzuia mvua isizimue supu. Hakimkamati mtu. Hakijawahi kumkamata mtu. Ndani mmea unatengeneza maji yake wenyewe, yananuka kama ulanzi, pombe ya mianzi, uliokwisha kukomaa, na hapo ndipo ilipo akili yake yote. Inzi haburutwi wala hatishwi. Anatua ukingoni, anaonja, anaona ni jambo jema, anashuka kidogo. Vinyweleo vya ndani vimelala kuelekea chini, kwa hiyo kushuka ni mteleremko na kupanda ni miba. Mnawajua watu wa namna hiyo, na vilabu vyao mnavijua.

Wazee wa bonde ndio waliouita mfuko wa shemeji, kwa sababu mlangoni unakaribishwa vizuri na kinachoingia hakirudi.

Kwao hasa ni chini ya ukingo wa milima, upande wa Usangu, mahali maji yanapochuruzika mwambani mwaka mzima. Udongo wa pale umekwisha kuoshwa, hauna kitu. Ukipanda mahindi yanatoka ya njano kama mgonjwa wa ini. Mmea ukaona bora ule nyama. Si ukatili, ni njaa. Ua lake hutoka kwenye shina refu, mbali kabisa na mifuko, jeupe, na halina harufu ya pombe hata kidogo, maana nyuki anayebeba chavua hatakiwi kuishia kwenye supu. Hata shemeji hamli mshenga. Halafu kuna buibui mdogo mweupe anayeishi chini ya kifuniko. Yeye hula wale inzi wanono kabla hawajazama, na mmea unabaki na makapi. Huyo tulimwita afisa ugavi.

Kitu kikubwa nilichowahi kukuta ndani kwa macho yangu mawili ni chura, na nadhani chura yule alikuwa mgonjwa tangu nyumbani.

Msiulishe. Tulikuwa na meneja mmoja, mtu wa suti, aliyesikia kwamba wageni wakubwa wanakuja akaamuru mifuko ilishwe soseji ili inenepe. Mifuko ilioza kabla wageni hawajashuka garini. Wakaambiwa ile ni harufu ya uhifadhi, nao wakatikisa vichwa kwa heshima. Mbolea pia msitie. Mimi miche yangu ya kwanza niliitilia mbolea ya kuku, nzuri, iliyokauka, kwa mapenzi yote. Ikafa yote kwa pamoja kama iliyoambizana. Dk. Atupele alikuja, akainama, akanusa, akaniuliza, "Kihwele, na mchumba wako unampenda hivi hivi?"

Huyo Dk. Atupele ndiye aliyenifundisha kazi. Mwanamke wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, mrefu, mwenye shahada nyingi na jozi moja ya buti za mpira. Nilipoambiwa analetwa daktari wa mimea nilitegemea mtu wa kukaa ofisini na kututumia ujumbe. Alifika asubuhi, akauliza jembe liko wapi. Alitembea kama mtu anayekwenda kugombana, na alipofika alikuwa mpole. Hayo mawili yalinichanganya kwa muda mrefu.

Wakati huo mimea yetu ilikuwa haiendi. Tuliimwagilia kwa juu, kama mboga, ikadhoofu. Aliyetutoa hapo alikuwa Bibi Nkwimba, mjane wa Kisukuma. Yeye na mumewe walihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini, mume akafia huko, naye akabaki na mkwewe Kabula na mifugo michache katika kijiji kimoja kisicho mbali na Chimala. Bibi Nkwimba aliona kwamba ndama wanaolala karibu na dimbwi la chini ya mlima, mahali mifuko inapoota, hawasumbuliwi na mainzi. Akachimba mifuko michache, akaipanda kwenye mabeseni yaliyotoboka na vyungu vilivyovunjika shingo, akaizungushia zizi. Vyungu alivikalisha ndani ya maji, mmea ukanywa kutoka chini wenyewe. Ndivyo mnavyofanya ninyi leo. Dk. Atupele alikuwa akienda kwake kila kiangazi. Mmoja na Kinyakyusa chake, mwingine na Kisukuma chake, wakikutana kwenye Kiswahili kama watu waliokutana sokoni, na walicheka kupita kiasi.

Sasa niwaambie lililompata Bibi Nkwimba.

Ndama walianza kupotea pale kijijini. Leo kwa huyu, baadaye kwa yule, halafu kwa mwenyekiti mwenyewe. Hakuna damu wala nyayo za fisi. Kulikuwa na bwana mmoja, Edom, aliyekuwa na banda la nyama choma kando ya barabara kuu, mchangamfu, anayejua majina ya watoto wa kila mtu. Edom akasema amepita kwa Bibi Nkwimba akaona kwa macho yake mfuko mmoja kifuniko kinacheza na mkia unaning'inia nje.

Kufikia jioni mkia ulikuwa mikia. Kesho yake mtu akatuma kwenye simu picha ya mmea mrefu kama nyumba, una meno, na nyuma yake kuna theluji. Nilipokuja kuwauliza theluji ilianguka lini Usangu, niliambiwa mzee, wewe mambo ya mitandao huyajui. Na ndama wawili wa Bibi Nkwimba nao walikuwa wamepotea, lakini hao hawakuhesabiwa.

Halafu likaongezwa la macho ya mchawi. Macho ya Bibi Nkwimba yalikuwa mekundu, kwa sababu amepikia moshi maisha yake yote kama mama zenu walivyopikia. Hapa sitanii. Mnajua macho mekundu ya mwanamke mzee yameleta nini katika nchi hii. Kabula alimpigia simu Dk. Atupele, akasema umeitishwa mkutano, na vijana wanasema utakuwa wa mwisho.

Tuliondoka Iringa alfajiri na gari la kazi. Dk. Atupele aliendesha mwenyewe, na mimi nilishika mkono wa mlango kuanzia Mafinga.

Mkutano ulikuwa mbele ya ghala la mpunga. Watu wamejaa, na katikati kuna uwazi kama wa kuchezea ngoma, na kwenye uwazi huo amekaa Bibi Nkwimba peke yake juu ya gunia. Mkwewe alikuwa amezuiwa pembeni na wanawake wengine. Vijana wa mbele walikuwa wameshika fimbo, na wachache mawe, wakiyapimapima mkononi kama watu wanaochagua viazi. Mezani alikaa mwenyekiti, kando yake viti viwili vya wageni. Dk. Atupele akamsalimia mwenyekiti, akavipita vile viti, akaenda kukaa chini kwenye gunia, bega kwa bega na bibi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma.

Bibi aliitikia kwa sauti ndogo. Mikono yake alikuwa ameikalia.

Nikaambiwa nieleze. Nikaeleza vizuri sana, nadhani sijawahi kueleza vizuri namna ile. Tulikuwa tumebebewa mabeseni yake kutoka zizini, nikapasua mifuko kwa wembe, nikaimimina kwenye sufuria mbele yao. Mabawa ya inzi, magamba ya mbawakawa, kifupa cha chura. Nikasema mmea huu hauwezi kuyeyusha nywele, kwa hiyo kama ungekula ndama tungekuta nywele. Akasimama mtu mzima, mwenye watoto wanaomtegemea, akasema huenda ndama yule alikuwa na nywele fupi.

Watu wakaguna kukubali.

Dk. Atupele akanyanyuka. Akakunja mkono wa blauzi yake, akachagua mfuko mkubwa kuliko yote, akazamisha mkono hadi karibu na kiwiko. Akamwomba mwenyekiti aendelee na mkutano. Na kweli mkutano uliendelea. Walizungumza, wakabishana, wakatukanana kidogo mambo ya mfereji, na muda wote daktari amesimama na mkono ndani ya mmea kama mtu anayetafuta funguo. Mwishowe akautoa, akauinua. Ulikuwa umekunjamana kama wa mfua nguo, na ulinuka ulanzi. Vidole vyote vipo.

Nikafikiri tumeshinda. Ndipo Edom akasema, bila hata kusimama, "Haukumla kwa sababu wanajuana."

Wakacheka, na kicheko chao kilikuwa cha watu waliopata nafuu. Vijana wangu, mtakapokuwa na hoja nzuri, ikumbukeni siku hiyo. Hoja nzuri humtesa msikilizaji. Uongo mzuri humpa kiti.

Bibi Nkwimba akaomba kusema. Hakusimama.

"Na mimi ndama wangu wamepotea," akasema. "Wawili. Hakuna aliyekuja kunipa pole."

Wanawake waliokuwa wamemshika Kabula walimwachia, akaja kukaa na mkwewe. Lakini fimbo hazikushuka. Mwenyekiti akatazama fimbo, akatazama bibi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa uchaguzi. Akasema yeye hataki damu kijijini kwake, bibi asiguswe, ila mimea yote ing'olewe na lile dimbwi lichomwe moto siku hiyo hiyo.

Mimi nilisimama kupinga. Dimbwi lile ndilo lililokuwa na mimea mingi kuliko mahali popote tulipopajua, na ile ya kitaluni kwetu ilitokana na hapo. Dk. Atupele akanivuta shati nikakaa. Alikuwa amekwisha kukubali mbele ya wote, na alikubali upesi, kama mtu anayepewa punguzo. Akaniambia sikioni, "Waache wachome. Mwenye kiberiti mkononi hana nafasi ya jiwe."

Nilimtazama. Alikuwa ameuma mdomo mpaka umepauka.

Kwa hiyo tukaenda wote dimbwini, kijiji kizima, kama harusi. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, nyasi za pembeni zimekauka, na Edom ndiye aliyewasha kwanza. Mifuko ikiungua hulia, maji ya ndani yanachemka na kufoka, na watu waliposikia mlio ule wakasema mnaona, anakufa. Dk. Atupele aligeuka akatazama mlima.

Sasa pale chini ya ukingo, alasiri, upepo huwa unageuka. Wenyeji wote wanajua. Siku hiyo walikuwa na hasira, hawakujua. Upepo ukageuka, moto ukatoka dimbwini ukashika nyasi, ukaelekea barabarani, na cha kwanza kilichokuwa njiani ni uzio wa mabua nyuma ya banda la Edom.

Niwasifu wale watu kwa hili: hakuna aliyengoja kuambiwa. Waliokuwa na fimbo walikata matawi, wanawake wakabeba ndoo, wote wakakimbilia kwa Edom kumwokolea mali yake. Na Edom akasimama mlangoni amenyoosha mikono, akawaambia warudi, atauzima mwenyewe, hahitaji msaada. Nimewaona watu wengi wakiomba msaada wa moto. Aliyeukataa nimemwona mmoja. Mwenyekiti akamsukuma, akauvunja uzio kwa bega.

Nyuma ya uzio walikuwepo ndama, wamefungwa midomo kwa vitambaa wasilie. Na ukutani ngozi mbichi zimewambwa, chapa za watu zinasomeka. Ya mwenyekiti ilikuwa ya katikati.

Walimaliza kuzima moto kwanza. Yalisikika matawi tu yakipiga ardhi. Nafikiri kila mmoja alikuwa anakumbuka ile nyama choma, walivyoisifia wiki zile kwa ulaini, walivyomuuliza Edom siri yake ni nini. Watu walioniambia mmea unakula ndama walikuwa na ndama katikati ya meno.

Ndipo wakamgeukia. Zile fimbo zilikuwa bado hazijapata kazi tangu asubuhi. Walikwisha kumwangusha chini pale Bibi Nkwimba alipofika, ameshikwa mkono na Kabula, anapumua kwa shida. Mmoja wa ndama wake alikuwa hai, akamfuata mwenyewe mara alipofunguliwa. Bibi akasimama juu ya Edom.

"Mpelekeni polisi," akasema. "Kwa leo mmekosea vya kutosha."

Wakampeleka. Mwenyekiti alitembea ubavuni mwake njia nzima kuwazuia watu, na hilo nalo nimeliandika ili nisimwonee.

Samahani hakuna aliyesema. Walimrudishia bibi mabeseni yake, matupu, yamepangwa vizuri mlangoni, kana kwamba waliyaazima. Dk. Atupele akaagana naye, tukaondoka tumejaa masizi. Pale Makambako alisimamisha gari akanunua mahindi ya kuchoma, akashika lake bila kula. Nikamwambia pole kwa dimbwi. Akasema tumebakiwa na mimea ya kitaluni, tutaona. Kisha akalia, akiwa ameshika usukani, gari limezimwa, na wauza viazi dirishani wakinyamaza kwa adabu.

Maana lazima mjue kwamba mbegu za mfuko wa shemeji zilikuwa zimetushinda miaka yote. Tulizilowesha, tukazikwaruza, tukaziweka kwenye friji pamoja na maziwa ya mlinzi. Hazikuota. Kila mche tuliokuwa nao ulitoka kwenye kipande cha mzizi, na mizizi ya dimbwini sasa ilikuwa majivu.

Mvua zikanyesha, Kabula akapiga simu. Akasema mje, na mje upesi, kabla watu hawajapata la kusema.

Dimbwi lilikuwa limejaa. Mifuko midogo, myekundu kama ulimi wa mtoto, kila mahali, mingi kuliko ilivyowahi kuwa. Ilikuwa imefuata njia ya moto hatua kwa hatua: kwenye nyasi zilizoungua, kando ya barabara, nyuma ya banda la Edom lililofungwa, na mingine imechungulia getini kwa mwenyekiti. Dk. Atupele alipiga magoti kwenye tope na sketi yake ya kanisani. Moshi, akasema. Zilikuwa zinasubiri moshi. Mbegu zilikuwa zimelala ardhini miaka mingi, zinangoja mtu mwenye hasira.

Ndiyo maana mna lile pipa la moshi pale nyuma ya kitalu. Nimesikia mnaliita jiko la mzee Kihwele, na kwamba kuna aliyechomea humo kuku. Pipa lile ni la mbegu. Mnawasha nyasi mbichi kidogo juu ya kavu, mnafunika, mnaacha moshi upite kwenye mchanga wenye mbegu mpaka mchanga ushike harufu, kisha mnakalisha trei kwenye maji ya mvua. Ya bomba hapana. Mkiharakisha mtazichoma. Na kuku anaziharibu, kwa sababu ya mafuta.

Tulikuwa bado pale kwa Bibi Nkwimba, tunakunywa maziwa, mwenyekiti alipokuja. Msimu ule mainzi yalikuwa yamezidi, ndama wake walikuwa na macho yaliyojaa usaha, na zizi la bibi lilikuwa safi kama kawaida, vyungu vyake vimejaa tena. Alizunguka sana. Alisifu mvua, akasifu maziwa, akauliza hali ya Iringa. Mwishowe akasema anaomba mche mmoja, na kama inawezekana, ile aina isiyokula ndama.

Kabula akaingia ndani haraka, tukamsikia anacheka huko huko ndani.

Bibi Nkwimba akamjibu kwa upole kwamba aina ni hiyo hiyo moja. Na kwamba mambo yake yeye yamezoea kusemwa mkutanoni, kwa hiyo na hili akaliseme huko.

Mwenyekiti aliondoka ameudhika. Lakini mainzi hayana uchaguzi, na siku chache baadaye alituita wote mbele ya ghala la mpunga. Bibi Nkwimba aliletewa kiti. Mwenyekiti akasimama, akasafisha koo, akasema chini chini kwamba anamwomba Bibi Nkwimba mche.

Bibi akaweka mkono sikioni, akasema uzee, hajasikia.

Akarudia.

Bibi akatikisa kichwa, akasikitika, akasema masikio haya.

Safari ya tatu aliisema kwa sauti iliyowafanya madereva wa malori barabarani wageuze shingo. Alisema anaomba mche, na alisema walimkosea. Bibi Nkwimba akasema sasa amesikia. Akainama chini ya kiti, akatoa chungu, akampa. Ulikuwa mche mdogo kuliko yote.